Kinoo na Kishikizo: Habari za Kutia Makali katika Ugogo

Mti unapochongwa, macho ya watu huutazama mti. Ni wachache waitazamao patasi, na wachache zaidi ni wale wakitazamao kinoo. Milango ya Unguja na Lamu imesifiwa katika vitabu vingi, na vinyago vya Wamakonde vimesafiri mpaka Ulaya na Marekani. Lakini jiwe lililoyapa makali yale yaliyochonga nakshi hizo halikutajwa, kama vile mtwangaji asivyotajwa wali unapoliwa. Walakini hakuna nakshi iliyopata kuwa safi kuliko makali yaliyoichonga. Chombo kilichosenea hakikati nyuzi za mti bali huzing'oa, na mahali ilipong'oka nyuzi hapana msasa uwezao kuparudisha.

Ugogo, nchi ya Dodoma na wilaya zilizo jirani yake katika uwanda wa kati wa Tanzania, ni mahali panapofaa kuichunguza habari hii, kwa sababu mambo matatu yaliyokutana huko yameifanya kazi ya kunoa kuwa ngumu kuliko katika nchi nyingine nyingi. Miti yake ni migumu. Chuma chake kilitoka mbali. Na mawe yake, ijapokuwa ni mengi kupita kiasi, si mawe ya kunolea.

Dodoma imekaa juu ya bahari kiasi cha mita 1,100 na zaidi. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kutoka Desemba mpaka Aprili, nayo kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Miaka mingine haifiki hapo. Mti ukuao katika ukame hukua polepole, na mti ukuao polepole aghalabu huwa na moyo mzito. Mpingo, ambao huota pia katika sehemu hizi kavu, ni mfano ulio wazi: mita moja ya ujazo ya moyo wake mkavu ina uzito wa kilo 1,200 au zaidi, hata kipande chake kikitiwa majini huzama. Asiyejua atadhani kwamba nchi yenye majabali makubwa kila upande wa upeo wa macho haiwezi kukosa kinoo. Lakini majabali ya Dodoma ni ya matale, na matale ni mchanganyiko wa punje za madini mbalimbali, nyingine ngumu, nyingine laini, nyingine za kumeremeta zinazobanduka kwa ukucha. Jiwe la namna hiyo hufaa kusagia mtama na uwele. Hufaa pia kuliparuza shoka lililopigwa pengo. Lakini patasi ikisuguliwa juu yake hupata makali yenye meno, kwa kuwa punje zile hazilingani, na kila punje kubwa huacha mfereji wake. Kinoo chema hutaka punje ndogo zilizo sawa, kama zilivyo katika mawe ya mchanga uliogandamana au katika mawe meusi ya tabaka. Na hayo katika Ugogo hayaokotwi kila mahali.

Watu wa kwanza waliotumia makali katika uwanda huu hawakunoa kabisa, kwa maana ya neno hili lilivyo leo. Katika mapango ya Kondoa, ambako michoro ya miambani iliorodheshwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata vijembe vidogo vya mawe, vilivyopasuliwa kwa kugongwa. Raymond Inskeep alichimba pango la Kisese mwaka 1956 na kufunua tabaka za maskani ya watu wa kale sana. Jiwe la namna hiyo likisenea hugongwa tena, likatoka kipande, na makali mapya yakazaliwa papo hapo. Kunoa kwa kusugua, na pamoja nako swali la pembe, kulishika nguvu katika useremala chuma kilipokuja, kwa sababu chuma hakipasuki kama jiwe. Hulika kidogo kidogo, na kilicholika hakirudi.

Hadithi moja isimuliwayo juu ya asili ya jina la Wagogo husema kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliwakuta wenyeji wameketi juu ya gogo, wakawaita kwa jina la kile walichokikalia. Kama ni kweli au ni mzaha wa njiani, hapana njia ya kuamua. Majina mengi ya makabila yana hadithi za namna hiyo, na nyingi zilitungwa baadaye. Walakini inapendeza katika habari hii kwa kuwa inamweka Mgogo na gogo lake mwanzo kabisa. Na magogo kwa kweli yalichongwa: vigoda, vinu, mizinga ya nyuki, ngoma, nguzo na milango ya nyumba za tembe, na hasa vyombo vya muziki, zeze na ilimba, ambavyo vimeipa nchi hii sifa kuliko vingine vyote.

Chuma kilifika kwa miguu. Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe ilipita katikati ya Ugogo, na watemi wa nchi walitoza hongo kwa maji na kwa njia. Richard Burton na John Speke walipita hapo katika safari yao ya mwaka 1857 na 1858, Henry Stanley akapita mwaka 1871, na wote waliandika kwa uchungu mwingi juu ya hongo hiyo, ingawa mtu asiyekuwa na haraka angesema kwamba maji ya visima vilivyochimbwa kwa jasho katika nchi kavu yana haki ya kuwa na bei. Misafara iliyotoka pwani ililipa kwa nguo na shanga. Iliyotoka bara ilileta majembe ya chuma, kazi ya wahunzi wa upande wa Unyamwezi na nchi za kusini mwa ziwa. Jembe lilikuwa fedha na lilikuwa malighafi. Lililochakaa halikutupwa, bali lilifuliwa upya likawa tezo, kisu, mkuki au kipande cha kuchimbia.

Hapo ndipo neno la pembe linapoingia katika historia. Mtu mwenye tezo moja, iliyotokana na jembe lililobebwa kichwani mwendo wa majuma mengi, hanoi kwa ajili ya kunoa tu. Kila msuguo usio na lazima ni chuma kinachokwenda na upepo. Mnoaji wa zamani hakuwa na kipimo isipokuwa mkono wake. Aliibana tezo kwa magoti au kwa nyayo, makali yakaelekea juu, akapitisha jiwe juu ya chuma badala ya kupitisha chuma juu ya jiwe, akasikiliza. Mlio wa jiwe lililolala vema juu ya mteremko wa makali ni mmoja, na mlio wa jiwe lililoinuka ni mwingine. Elimu hii ilikaa katika sikio na katika kifundo cha mkono, na aliyeipata aliipata kwa miaka. Ilikuwa elimu ya kweli, na ya bei ghali. Ghali yake ni kwamba mwanafunzi alijifunza kwa kuharibu, na katika nchi yenye uhaba wa chuma si kila kijana aliruhusiwa kuharibu. Pengine hii ni sababu moja, nje ya zile za ukoo na siri za ufundi, ya wachongaji kuwa wachache.

Vyombo vya namna nyingine vilikuja na wamisheni na reli. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyetumwa na Church Missionary Society, alifyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa mwaka 1877, na Mpwapwa ikawa kituo cha misheni hiyo. Wadachi walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilileta mafundi, na mafundi walileta masanduku: randa, patasi za upana wa kila namna, misumeno, keekee, tupa. Patasi hizi zilikuwa za chuma cha pua kilichotengenezwa viwandani, na nyingi zilizofika Afrika ya Mashariki katika miaka ya Waingereza zilipigwa chapa ya Sheffield. Chuma chake kilikuwa kigumu kuliko cha jembe. Kikinolewa vema kilikaa na makali muda mrefu. Kikinolewa vibaya kilimegeka, na mwenye kukizoea chuma laini aliona ajabu na kulaumu chombo.

Wakati huohuo, mbali na Ugogo, jiwe lenyewe lilikuwa linabadilika. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson, akijaribu katika tanuri la umeme kupata kitu kingine, alipata punje za kumeremeta ngumu karibu kama almasi, akaziita karborandamu. Punje hizi zilipoungwa kwa udongo na kuokwa, dunia ikapata kinoo kisichotegemea bahati ya mlima wowote: kinoo chenye punje za ukubwa mmoja, upande mmoja wa kukwaruza na upande wa pili wa kulainisha. Kwa nchi ya matale hapana shaka hii ilikuwa neema kuliko patasi zenyewe. Fundi wa Dodoma na fundi wa London sasa waliweza kuwa na jiwe moja.

Lakini jiwe moja halikuwapa mkono mmoja. Katika Ulaya na Marekani shule za useremala zilijaa vijana waliofundishwa kwa saa mbili au tatu kwa juma, na kijana wa namna hiyo hapati kifundo cha mkono kama alichokuwa nacho mwana wa mhunzi. Ndipo vikaenea vishikizo vya kunolea. Kishikizo ni kitu chepesi kueleza: taya mbili za chuma huibana patasi, na chini yake kuna gurudumu dogo, patasi ikisukumwa juu ya kinoo pamoja na gurudumu lake, pembe kati ya chuma na jiwe haibadiliki. Kilichojulikana sana katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza ni kile cha kampuni ya James Neill ya Sheffield, kilichoitwa Eclipse. Matumizi yake yalikuwa kwa kipimo cha urefu: patasi ikichomoza milimita 40 mbele ya kishikizo, pembe ni digrii 25, ikichomoza milimita 30, pembe ni digrii 30. Bamba la randa, ambalo hukaa juu zaidi katika taya, huchomoza milimita 50 kwa digrii 25 na milimita 38 kwa digrii 30.

Tarakimu hizi zinaonekana kama sheria za hesabu, na ndivyo zilivyosomwa. Kumbe ni sheria za mahali. Digrii 25 za kukata na 30 za kumalizia zinafaa chuma cha pua cha kiwandani kinapokutana na msonobari na mwaloni wa Ulaya. Makali membamba hukata kwa wepesi lakini hayana mwili nyuma yake. Makali manene yana mwili lakini hutaka nguvu. Pale mti ulipo laini, wembamba hushinda. Pale mti ulipo mpingo, makali ya digrii 25 hujikunja au kumegeka baada ya mapigo machache, na mchongaji hurudi kwenye kinoo mara kumi kwa siku, kila mara akila patasi yake. Kwa mti wa namna hiyo pembe ya 30 ndiyo mwanzo, na 35 si nyingi.

Jambo la pili lilizidi kuzitatiza tarakimu hizo, nalo linahitaji kutaja Kongwa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko, katika mashariki ya Ugogo, mpango wa kulima karanga ambao haukupata kuonekana mfano wake. Ilikusudiwa kufyeka zaidi ya eka milioni 3, na eka 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizopandwa mwaka huo zilikuwa elfu chache tu. Matrekta yalinunuliwa katika mabaki ya vita, na vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa vyombo vya kulimia. Yametajwa mengi yaliyouangusha mpango huo: ukame, mizizi, haraka, wakubwa waliokuwa mbali, hata nyuki wa mibuyu waliowakimbiza madereva. Moja linahusu habari hii hasa. Udongo wa Kongwa, uliochanganyika na punje za mchanga mkali, hukauka ukawa kama saruji, na ulikuwa ukila chuma cha majembe ya matrekta kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Nchi nzima ilikuwa kinoo, na kinoo kibaya. Wataalamu waliopima mvua kwa vitabu hawakupima ugumu wa punje, jambo ambalo mwanamke yeyote wa Ugogo mwenye jembe la mkono angeweza kuwaambia, kwa kuwa alilijua kwa ufupi wa jembe lake.

Mpango ulikomeshwa mwaka 1951, baada ya kula paundi za Kiingereza milioni zaidi ya 35. Karakana zilifungwa, mafundi wakatawanyika na ufundi wao. Tangu miaka hiyo, katika Ugogo kama katika sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki, mgodi wa mhunzi umekuwa ni gari bovu. Springi ya gari ni chuma cha pua, na mhunzi mwenye mivukuto na nyundo huweza kuifanya tezo, patasi au kisu cha kuchongea. Ila pua ya springi haikutengenezwa ili ikate; ilitengenezwa ili ipinde na kurudi. Ina kaboni pungufu kuliko ya patasi ya kiwandani, kwa hiyo hata ikichovywa vizuri haifikii ugumu ule. Patasi ya springi inayonolewa kwa digrii 25, kwa sababu kishikizo kimeandikwa hivyo, inahukumiwa kwa kosa lisilo lake. Mwenyewe atasema chuma ni kibovu. Ikipewa digrii 33 au 35 hufanya kazi ya heshima.

Basi maendeleo makubwa ya kwanza ya kishikizo katika nchi kama hii hayadai kukibadilisha chenyewe. Yadai kufuta alama na kuandika nyingine. Fundi asiye na kipimo cha pembe anaweza kutumia hesabu iliyo rahisi kabisa: pembe ya digrii 30 hupatikana pale urefu wa mteremko unapokuwa mara mbili ya unene wa chuma. Patasi yenye unene wa milimita 6 ikiwa na mteremko wa milimita 12, ni digrii 30. Mteremko ukiwa milimita 14 pembe imeshuka mpaka 25. Ukiwa kumi na nusu imepanda mpaka 35. Ujiti wa ufagio na alama mbili za kisu vinatosha kupimia. Kisha katika ubao mdogo hupigiliwa vipande vya mti, kila kimoja kwa umbali wake kutoka ukingo, na patasi inapotiwa katika kishikizo husukumwa mpaka kiguse kipande kinachohusika. Kwa njia hiyo kipimo hakitafutwi upya kila siku. Patasi hurudi katika pembe yake ileile, na chuma kinacholika ni kile tu kilichosenea. Ubao wa namna hiyo wafaa kuwa na alama za aina ya mti na aina ya chuma kuliko tarakimu za digrii, kwa sababu mchongaji hufikiri kwa mti.

Kasoro nyingine za kishikizo zilionekana upesi. Gurudumu lake ni jembamba. Patasi nyembamba huyumba juu yake, na makali hutoka yamekwenda upande. Vumbi la Dodoma, ambalo katika miezi ya Julai mpaka Oktoba haliachi kitu, huingia katika mhimili wa gurudumu likasaga chuma mpaka gurudumu likalegea, na pembe iliyoahidiwa ikawa pembe ya kubahatisha. Dawa yake ni kuosha mhimili kwa mafuta ya taa na kufunika kinoo kisipotumika. Punje moja ya mchanga juu ya kinoo laini huandika mstari katika makali ambao baadaye utaonekana juu ya mti. Kadhalika mafuta ya taa, yakichanganywa na mafuta ya mashine, yalikuwa badala ya maji juu ya kinoo, na katika mji ambapo maji yalinunuliwa kwa debe hili halikuwa jambo dogo. Mafuta ya kupikia hayafai. Hugandamana na vumbi yakaziba vitundu vya jiwe.

Lililo gumu zaidi ni kwamba kishikizo cha gurudumu kilifanywa kwa ajili ya seremala, wala hakikufanywa kwa ajili ya mchongaji. Seremala ana makali yaliyonyooka. Mchongaji ana patasi za mviringo, zenye umbo la mfereji, na mteremko wake umezunguka nje kama ukingo wa kikombe. Chombo kama hicho kikibanwa katika taya mbili kitanolewa mahali pamoja tu, katikati ya tumbo, na baada ya majuma machache mviringo wake utakuwa umepotea. Hapa twa mkono ilikuwa imeshinda kishikizo kabisa, na ingefaa kusemwa hivyo bila haya.

Walakini lipo jibu, nalo halitaki kiwanda. Patasi ya mviringo hutiwa msumari mdogo katika kisigino cha mpini wake, na ncha ya msumari hukalishwa katika kitundu cha nguzo fupi iliyosimamishwa juu ya ubao. Makali hulala juu ya kinoo kilichoko ubaoni. Kama kutoka ncha ya msumari mpaka makali ni milimita 300, na kitundu kiko milimita 150 juu ya uso wa kinoo, pembe ni digrii 30, kwa hesabu ileile ya nusu. Nguzo ikiwa na vitundu kadhaa, kimoja juu ya kingine, pembe hubadilishwa kwa kuhamisha msumari. Mkono wa kushoto huizungusha patasi polepole kama mtu azungushaye funguo, huku na huku, na mkono wa kulia hukipeleka kinoo mbele na nyuma chini yake. Jiwe ndilo linalotembea, chombo kimekaa. Mwenye kukumbuka jinsi tezo ilivyonolewa kati ya magoti ataona kwamba hapa hapana jambo geni: ni desturi ileile ya kupitisha jiwe juu ya chuma, isipokuwa goti limegeuzwa kuwa nguzo. Patasi ikifupika kwa miaka, pembe huzidi kidogo. Msumari huteremshwa kitundu kimoja.

Wapo waliopinga, na wapo wapingao hata sasa, kwamba kishikizo huufanya mkono kuwa mvivu, na fundi aliyelelewa nacho hawezi kunoa akikipoteza. Neno hili lina ukweli ndani yake, na hasa juu ya tezo. Tezo haiwezi kutiwa katika kishikizo chochote: mpini wake umesimama juu ya chuma, makali yake yamepinda, na mteremko wake aghalabu huwa upande unaoelekea mpini. Tena pembe ya tezo haikai katika makali peke yake. Iko pia katika namna chuma kilivyofungwa katika mpini na katika urefu wa mkono wa mwenyewe. Atakayeacha kufundisha mkono kwa sababu ya kishikizo atakuwa na wanafunzi wasioweza kuanza kazi, maana tezo ndiyo ianzayo na patasi hufuata. Lakini hoja hii mara nyingi hutolewa na mtu ambaye amesahau patasi ngapi zilikwisha mikononi mwake kabla mkono haujajua. Katika nchi tajiri, patasi zilizoharibiwa na mwanafunzi ni hasara ya shule. Katika kijiji, patasi moja iliyoharibiwa ni mwisho wa masomo.

Uzito wa jambo hili unaonekana vema katika ilimba. Sanduku lake la sauti huchimbwa katika kipande cha mti, au huungwa kwa mbao, na juu yake hufungwa ndimi za chuma zilizofuliwa, pengine kutoka misumari. Tundu dogo hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ipate mvumo wake. Kuta za sanduku zikiwa nene, sauti hufa ndani. Zikiwa nyembamba bila usawa, mti hupasuka kiangazi cha kwanza. Kuzifikisha mahali pake kunataka patasi ichukuayo unyoya mwembamba kama karatasi kutoka ndani ya shimo ambamo jicho haliingii, hata dhidi ya mwelekeo wa nyuzi. Patasi butu hapo husukumwa kwa nguvu, na kinachosukumwa kwa nguvu hupenya ghafula: kazi ya siku nyingi huishia katika ufa mmoja. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, na mlio wa ilimba ukaingia katika hazina za sauti za dunia. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doga, akaletwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kwa mwito wa Rais Nyerere, na kufundisha katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, aliipiga katika majukwaa ya nchi nyingi mpaka alipofariki mwaka 2003. Zake nyingine zilikuwa na ndimi zaidi ya 60. Waliomsikiliza London au Tokyo walisikia ndimi na koo. Unene wa ukuta wa mti hausikiwi na mtu, ila usipokuwa sawa.

Mwaka 1973 Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, mji umejaa ujenzi. Milango mingi sasa hukatwa kwa mashine, na makali ya mashine hubadilishwa yakisenea badala ya kunolewa. Katika mitaa ya miji ya Tanzania mnoaji wa visu bado hupita na baiskeli yake. Huisimamisha, huinua gurudumu la nyuma, huketi na kukanyaga pedali, na cherehe iliyofungwa mbele ya tandiko huzunguka na kutoa cheche. Mama wa nyumbani huleta kisu, muuza nyama huleta panga, nao huondoka wameridhika. Kipimo chake ni kidole gumba. Lakini cheche zile ni dalili ya moto, na cherehe kavu inaweza kukitia chuma chembamba rangi ya buluu katika nukta chache. Pua iliyogeuka buluu imepoteza ugumu wake, na hapo hapana kinoo kitakachourudisha mpaka ifuliwe upya na kuchovywa. Kwa hiyo mchongaji akimwita mnoaji humpa kisu na panga, patasi akabaki nazo. Kinoo chake kikibonyea katikati kwa kazi ya miaka, hukisawazisha mwenyewe, kwa maji kidogo na mchanga wa korongoni, juu ya bamba la matale lililo bapa.